Mkalimani wa Mgonjwa

Homa ilipopanda, sista Mfilipino alisahau Kiswahili chote, akabaki kuongea lugha ya kwao. Selestina, mpishi wa masista pale Nyegezi, akamkimbilia sista wa Kerala, kule India, aliyekuwa bustanini.

“Sista, njoo ututafsirie!”

“Mimi kwetu ni Kimalayalam, Selestina. Hicho Kifilipino sijui hata neno.”

“Kumbe hamtoki kulekule?”

Sista alikuja hivyohivyo, akaushika mkono wa mgonjwa, akamjibu Kimalayalam. Selestina akatega sikio. Sista wa Kerala alikunja ulimi hadi kaakaani; mgonjwa alirudia neno mara mbilimbili, kama sisi tunavyosema “polepole”. Lugha hizo hazikufanana hata kidogo, lakini mgonjwa alianza kutulia.

Selestina akaushika mkono wa pili, akaanza kumsemesha Kikerewe cha mama yake.