Mbuzi ya Kuazima

Kila mlango mjini Tanga una taa inayopima upweke wa aliye ndani. Huwa ya kijani anapojiona ana watu, na nyekundu anapojiona hana. Mwanafunzi wa saikolojia ya jamii na mazingira hahitimu mpaka taa zote za mtaa wake ziwe za kijani.

Tunu alibakiwa na moja, ya Bi Mwanakheri wa ng'ambo ya njia. Kwa miezi kadhaa alimpelekea maandazi, akamfagilia ua, akamuuliza maswali yote aliyofundishwa chuoni. Taa haikubadilika.

"Unanitembelea kama mgonjwa," bibi alilalamika. "Na maandazi yenyewe hayana hata iliki."

Asubuhi moja mbuzi ya Tunu ya kukunia nazi ilivunjika, naye ameshaosha mchele. Alikimbilia ng'ambo bila kukumbuka masomo.

"Hodi, bibi! Shikamoo. Niazime mbuzi yako."

"Marahaba. Uirudishe leo leo! Ninyi vijana mkiazima, mnarithi."

Bibi alikuwa bado anacheka Tunu alipotoka na kuona taa imegeuka kijani. Miezi yote hiyo alikuwa akimpa tu; hakuwahi kumwomba kitu.

Alivuka njia akitabasamu, kisha akasimama. Juu ya mlango wake mwenyewe taa ilikuwa nyekundu, na hakujua ni tangu lini.

Alipika wali wa watu wawili. Mbuzi hakuirudisha.

Adhuhuri sauti iliita mlangoni: "Hodi! Huyu mrithi yupo?"