Barua Namba Saba

"Takataka!" Msahihishaji aliitupa barua namba saba juu ya meza. "Hii nayo ni hoja?"

Dada wa masijala alijiweka sawa kitini. Daftari la namba na majina alikuwa amelikalia.

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa na wafanyakazi tisa, na mwisho wa mwezi mmoja wao angeachishwa kazi. Mwenye kiwanda, mtu wa kukimbia lawama, aliagiza kila mmoja aandikiwe barua ya utetezi na mwenzake. Utaratibu ulitoka kichwani mwa msahihishaji: barua isitaje jina wala cheo, ipewe namba tu, ipimwe hoja na si mtu. Mwenye utetezi dhaifu kuliko wote aende nyumbani. Na mpimaji awe nani, kama si yeye aliyezoea kuona makosa ya kila mtu?

Namba mbili ilisema: "Mashine ya kukata ilikwama mara kumi na nne mwaka jana. Zote aliizibua yeye." Akaweka alama ya vema. Namba tatu ilitaja miaka kumi na minane bila kuchelewa hata siku moja. Hiyo aliisoma mara mbili, akitabasamu.

"Sasa msikilize huyu wa saba, dada. 'Ana moyo mzuri, ila hajui kuuonyesha.' Yeye kaujuaje? Kampasua?"

"Kaka, punguza sauti. Mzee wa ufagio yuko mlangoni."

"Asikie! Bila shaka anayetetewa ni yeye. Watu wakikosa la kukusifia, wanasifia moyo." Akainua karatasi juu zaidi. "'Siku moja nilipougua aliniuliza kama nimepata nafuu.' Siku moja! 'Mungu anamjua.' Haya, Mungu aje hapa tumhoji."

Mlangoni, mzee aliendelea kufagia pale pale alipokwisha kufagia.

"Isome tena, kaka," dada alisema. "Nakuomba. Mara moja tu."

"Ndiyo shida yenu. Mkisikia mtu analia, mnadhani mmesikia sababu. Kichwa chenye huruma hakiwezi kupima kitu."

Akachukua kalamu nyekundu. Akaandika: *Hoja dhaifu kuliko zote. Aondoke.* Akatia sahihi, kisha akagonga muhuri, mwenye kiwanda asije akapata nafasi ya kuyumba.

"Tumemaliza. Toa daftari, tumjue."

Dada hakuinuka.

"Ni wewe, kaka. Tuliombwa mmoja mmoja tukuandikie, wote tukakataa, hata mimi. Mzee ndiye aliyejitolea."