Makadirio ya Bi Umulkheir

"Na kwenu, Mwalimu, mu wangapi?"

Bi Umulkheir alikuwa keshainua chaki aandike. Asubuhi nzima alikuwa akiwafunza watoto wa Wiyoni kukadiria hesabu za kugawanya, kwa mahamri yanayopikwa makwao. Kwao mtoto mmoja yalipikwa mahamri arobaini na mawili, na nyumbani ni watu kumi na mmoja. Msihangaike, aliwaambia, shusheni, fanyeni arobaini kwa kumi, kila mtu apate kama manne. Hilo neno "kama" alilipigia mstari ubaoni, maana jawabu la kukadiria halitajwi bila hilo.

Sasa darasa zima lilikuwa likimtazama yeye. Akaona akilini mlango wa nyumba yake, na makubadhi ya marehemu mumewe ambayo mpaka leo huyapangusa vumbi kila Ijumaa na kuyarudisha palepale.

"Kama wawili," akasema.

Msichana wa dawati la mbele, yuleyule aliyeuliza, alikunja uso akifikiri. Alikuwa mtoto msikivu. Akifunzwa jambo hulishika.

"Kama? Kwani na watu umewakadiria?"

"Nimewakadiria."

"Ulipandisha, Mwalimu, au ulishusha?"

Bi Umulkheir akageukia ubao, akaanza kuifuta hesabu ya mahamri kwa kiganja, na watoto walikuwa bado hawajainakili.