CD za Kampire

Papa Élie aliishika CD ya kumi na tisa kwa ncha za vidole, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa shati, kisha akaiingiza kwenye kompyuta. Kompyuta ikakoroma. Ikakwama. Ikakoroma tena.

"Soma basi, we kitu!"

Juu ya kila CD palikuwa na jina moja, limeandikwa kwa kalamu nene na mwandiko wa mtoto asiyetaka mtu aguse mali yake: KAMPIRE. Thelathini na moja zote. Michezo ya zamani ya kompyuta, ile ambayo hata Goma kwenyewe hakuna anayeiuza tena: magari, ndege, mashamba ya kulima kwa kidole. Kampire alianza kuikusanya akiwa na miaka tisa. Sasa ni miaka mitatu hayuko Ngungu. Siku mabomu yalipoangukia kilima alikimbia na nguo alizovaa, na hakuna aliyejua kama yu hai.

Asubuhi ile simu ilikuwa imelia. Alikuwa Bienvenu, shemeji wa Papa Élie anayekaa Shasha.

"Shemeji, wale wameshapita huku. Iko wanapanda kwenu."

"Iko wengi?"

"Barabara imejaa. Saa sita watakuwa wamefika."

Mama Élie alisikia yote akiwa mlangoni na bidoni la maziwa. Akaliweka chini.

"Unaona sasa? Nilikuambia tangu mwezi uliopita! Wakifika wakute jina ile hapa, tumekwisha. Toa yote!"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Katika milima yetu hii jina peke yake linatosha kumtoa mtu nyumbani, na nani asiyejua? Majirani wa zamani walikuwa wamekimbia wote. Hawa wa sasa hawakujua lolote la zamani. Jina la mlangoni Papa Élie alilikwangua kitambo, akaweka na kufuli mpya. Picha ya ukutani walikwisha kuichoma. Zilibaki CD.

"Si uzitupe tu mu choo, weye muntu muzima?"

"Nitazitupa. Lakini kwanza nakopi."

"Unakopi nini? Watu wanakuja, na weye uko unacheza!"

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wake, na Ngungu nzima walimcheka kwa ajili hiyo. Mtu na mvi zake, diakoni kanisani, lakini mbele ya gari la kompyuta alikuwa hajiwezi hata kidogo. Miaka mitatu aliliendesha lile gari jekundu kuanzia pale Kampire alipoliachia, mbio ya arobaini. Mbio ya kwanza yeye mwenyewe hakuwahi kuianza. Sasa alikuwa kwenye ya sitini na mbili. Kuitupa? Moyo ulimuuma kweli kweli, kama anaambiwa achinje ng'ombe anayekamuliwa.

Kwa hiyo alifanya kazi kwa utaratibu. Anaingiza CD, anasubiri, anaikopi kwenye diski ndogo nyeusi isiyo na jina lolote. Kisha anaivunja ile CD vipande viwili na kuitia guniani. Ya ishirini. Ya ishirini na tano. Nje ukungu ulishuka mpaka malishoni, na mvua ikaanza. Majirani wengine walikuwa wakifunga milango. Wengine walisimama kando ya barabara wakitazama bondeni.

Saa tano na nusu betri ya sola ilianza kulia. CD ya thelathini. Ya thelathini na moja. Mwisho kabisa akakopi na ile dosie ambamo kompyuta ilitunza hatua za kila mchezo, maana bila dosie ile angerudi mbio ya kwanza. Mama Élie akalibeba gunia akaenda nalo chooni. Alirudi mikono mitupu.

"Imeisha?"

"Imeisha. Hakuna tena jina mu hii nyumba."

"Nionyeshe."

Akaufungua mchezo wa magari kutoka kwenye diski nyeusi. Muziki ukalia, ule wa tarumbeta. Gari jekundu likatokea, na juu yake herufi kubwa za manjano: BONJOUR KAMPIRE!

Mama Élie akajishika kichwa. "Yesu wangu! Na hii?"

Papa Élie alitazama kama anayaona maneno yale kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu yalimsalimia kila siku, hata macho yake yakaacha kuyasoma. Akatafuta pa kufutia. Kompyuta ikauliza: afute jina pamoja na hatua zote? Ndiyo, ao hapana? Mbio sitini na mbili!

"Futa!" mkewe alinong'ona. "Papa Élie, futa! Nasikia miguu."

Kidole kilisimama juu ya kitufe. Barabarani miguu ilipita, mingi, haiishi. Michache ikakata kona, ikaingia uani, ikasimama. Mtu akagonga. Akagonga tena, polepole. Muziki uliendelea kulia. Hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Mama Élie akafungua.

Alikuwa msichana aliyelowa chapachapa, godoro kichwani, viatu mkononi. Alisikiliza ule muziki, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

"Papa Élie, jirani yetu! Kumbe mulinitunzia na michezo yangu? Mungu awabariki. Baba iko nyuma, anapanda pole pole. Yeye ndio iko na funguo ya hii nyumba yetu."