Jezi ya Waliomfunga

Asubuhi ile, baada ya Uingereza kutolewa na Wajerumani kwa penalti, Mwingereza wa karakana alikuja kazini amevaa jezi ya Ujerumani.

Gidahosh, dereva wa trekta, alikuwa akijaza dizeli. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akatema mate pembeni. Jezi ilikuwa nyeupe, ina mistari ya rangi nyeusi, nyekundu na njano kifuani, na ilimbana tumbo. Mwenyewe alikuwa akipiga mluzi.

"Bwana Roja," Gidahosh akamwita, "si nchi yako iliyofungwa jana? Tumesikia wote redioni."

"Ndiyo. Nililia," Roja akajibu kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Halafu nikafurahi. Kama si sisi, basi wao wachukue kombe. Wajerumani ni watu, Gidahosh. Ni watu kweli."

Madereva wakacheka. Shamba zima la ngano, pale tambarare ya Hanang, lilimjua Roja kwa ugonjwa huo. Alijiokea mkate mweusi ambao hata mbwa wa kambini waliunusa wakaondoka. Jumapili aliimba nyimbo za Kijerumani amefumba macho. Alimpa binti yake aliyeko Uingereza jina la Kijerumani. Trekta ikigoma, alisema Mjerumani asingeiunda hovyo namna ile.

Wengine walimwona kichekesho. Gidahosh alimwona uchafu.

Saa nne walikaa kunywa chai kwa Benedikta, mama aliyewapikia wafanyakazi. Gidahosh akaamua siku hiyo amseme mpaka mwisho.

"Baba yako yuko wapi, Bwana Roja?"

"Alikufa wakati wa vita. Bomu la ndege lilianguka kwenye nyumba. Mimi nilikuwa bado tumboni."

"Ndege ya nani?"

"Ya Wajerumani."

Benedikta aliacha kukoroga chai.

Roja hakuona haya. Alieleza kwamba ujanani aliwachukia Wajerumani kuliko shetani. Alipofuata timu ya nchi yake kwenda Ujerumani, hakwenda kutazama mpira, alikwenda kupigana. Yeye na wenzake walivunja viti kwenye baa, wakapita mitaani wakiimba nyimbo za vita na kuwatukania wazee wao. Ugomvi ulipokolea, akavunjika mguu. Wenzake wakakimbia. Bibi mmoja wa Kijerumani akamwingiza ndani, akamlisha, akamwogesha. Ukutani palikuwa na picha ya mwanawe, kijana aliyeuawa na Waingereza.

"Alijua mimi ni nani," Roja akasema. "Akanifundisha kuoka mkate. Tangu siku hiyo siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuchukia."

Gidahosh akasukuma kikombe chake mbali, chai ikamwagika mezani.

"Mkate!" akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Mtu ameuliwa baba, amepewa mkate, amenyamaza. Kwetu mwanamume wa namna hiyo hakai na wenzake. Hapewi mke. Akifa, wanawake hawajisumbui kulia. Wewe si mtu, Roja. Wewe ni tumbo tu."

Roja aliinamisha kichwa, akaendelea kunywa chai yake. Hilo nalo lilimkera Gidahosh. Hata kukasirika hajui!

"Mwache mwenzio, baba," Benedikta akasema polepole. "Kila mtu ana lake." Alimkazia macho mpaka Gidahosh akageukia upande mwingine.

Wakati huo meneja wa shamba akaja. Alitaka eneo jipya la upande wa mlimani lilimwe siku hiyo hiyo. Madereva wawili walikuwa wamekwisha kukataa, kwa kuwa wafugaji walikuwa wamekaa pale na hawataki kuhama. Atakayelifungua, meneja akasema, atakuwa msimamizi wa madereva wote na atahamia nyumba ya bati.

Gidahosh alisimama hata kabla meneja hajamaliza.

Roja alikwenda naye, ameketi juu ya madigadi, kwa sababu boliti za plau zilikuwa zinalegea njiani. Walipofika, majani yalikuwa yamefika magotini. Wazee wenye shuka walisimama kando na fimbo zao. Katikati palikuwa na kilima kidogo cha udongo uliorundikwa, kimezungushiwa miti, na bibi mmoja amekikumbatia akilia.

"Simama, kuna watu!" Roja akapiga kelele.

"Watatoka."

"Na kile ni nini?"

"Udongo."

"Mbona yule bibi analia?"

"Watu wa porini wanapenda kulia," Gidahosh akasema, wala hakupunguza mwendo.

Roja aliruka chini. Alianguka, akainuka, akakimbia mbele ya trekta na kutanua mikono. Gidahosh alikanyaga breki huku akimlaani. Sasa mzungu huyu atamkosesha usimamizi!

Roja alichuchumaa karibu na bibi, akamshika bega. Bibi hakumtazama. Alikuwa akimtazama dereva, na alikuwa akisema neno moja tu, analirudia na kulirudia.

"Gidahosh!" Roja akaita. "Anataja jina lako. Anakujua?"

"Mwondoe hapo."

"Ni nani huyu?"

Wazee wote walimgeukia, wakingoja ajibu. Gidahosh alishusha plau mpaka ikagusa ardhi, akatia gia.

"Mama yangu," akasema. "Na aliyelala humo ndani ni baba. Haya, tokeni."