Upande wa Maandazi

Kengele ya kura ililia kwa ukali, ikapenya hadi kantini ya Bunge. Mheshimiwa Kisanji akaagiza chai ya pili. Kwa miaka minne, kila kura ngumu ilipoitwa kwa majina, yeye alikuwa hapa, na karani alimwandika "hayupo". Hakumuudhi waziri, wala hakuwaudhi wapiga kura wake.

Mama Rukonge, mwenye kantini, hakumimina chai.

"Leo ni muswada wa kuwahamisha watu wa mashamba ya chumvi, Mheshimiwa. Ni jimboni kwako. Dada yangu anaishi kule."

"Najua, mama. Niwekee chai."

"Birika limekauka," akasema, huku mvuke ukifoka mdomoni mwa birika. "Juzi dada aliniuliza mbunge wake yuko upande gani. Nikamwambia, upande wa maandazi."

Wahudumu wakaangua kicheko. Kisanji alitaka kucheka nao, midomo ikakataa. Akasikia milango ya ukumbi ikianza kufungwa. Ikishafungwa, haingii mtu.

Akainuka kwa kishindo, kiti kikaanguka, akatimua mbio. Koridoni akageuka mara moja.

"Mama Rukonge! Mwambie dada yako afungue redio. Nitasema hapana!"