Sura Yake Majini

Umewahi, mwanangu, kuitazama vizuri picha ya harusi yetu pale ukutani? Ina keki na viti viwili tu, maana tangu wakati ule kamera zote humfuta kila mtu, ndivyo sheria inavyotaka.

Daktari alipotuambia Baba Mwanaidi hatafika Ramadhani, nikamburuta hadi Japani, kwenye ziara ya kupiga picha za bustani za kale. Nilijiambia kwamba kamera humjua mtu aliyesimama, lakini sura yake majini haitaijua.

Haruka, kiongozi wetu, akatuonyesha msonobari uliofungwa kamba ili theluji isivunje matawi. "Bibi, piga ule." Mimi nikaielekeza kamera bwawani, mume wangu ameinama juu ya samaki wekundu.

Nikapiga mara saba. Samaki wapo, msonobari upo, yeye hayupo.

"Mama Mwanaidi, samaki wote umewamaliza," akanitania huku akikohoa.

"Inama tena kidogo. Tumebakiwa na siku tano za ziara."

Hakuinama. Akanishika mkono.

"Mimi nilitaka kubaki nyumbani," akasema, "nikusikie ukikuna nazi."